Gari Linalia

Mtoto aliyepigwa hulia, njiwa juu ya paa hulia, zumari harusini hulia, na gari lenye kasoro nalo twasema linalia. Neno ni hilo hilo moja, na sisi tuliolelewa ndani ya lugha hii hatuoni taabu yoyote, kwani msikilizaji huwa amekwishajua ni kilio cha namna gani kinachokusudiwa. Nimesomesha Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kulitilia shaka neno hilo hadi asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba mwaka 2018, niliposimama mbele ya mzee mmoja fundi wa magari, pembezoni mwa mji wa Chake Chake, naye akaniuliza: "Linaliaje, Maalim?" Nikamjibu kuwa linalia vibaya. Akanitazama kama mimi ninavyowatazama wanafunzi wanaoandika kuwa shairi fulani ni zuri kwa sababu linapendeza.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la mwaka 1997, lililoinuka juu kwa ajili ya njia mbovu, injini yake ya dizeli, silinda nne, ujazo wa lita tatu, yenye tabo. Nililinunua mwaka 2009, likiwa limekwishatumika na watu wawili kabla yangu. Kwa miaka mingi nilijua kuhusu tabo kiasi kile kile anachojua abiria kuhusu moyo wa dereva: kwamba ipo, na kwamba ikisimama safari imekwisha. Nilichokuja kujifunza baadaye ni hiki. Moshi utokao ndani ya injini, badala ya kuachwa upotee bure, hupitishwa kwanza katika kigurudumu kidogo chenye mapezi, ukakizungusha. Kigurudumu hicho kimeunganishwa kwa mhimili mmoja na mwenzake aliye upande wa pili, ambaye kazi yake ni kuvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka bila ya injini yenyewe kukua. Fikra hii ni kongwe. Mswisi Alfred Büchi aliichukulia hataza mwaka 1905, wakati ambapo hapa kwetu mzigo ulikuwa bado ukibebwa na punda na vichwa vya watu.

Ajabu yake iko katika ule mhimili. Ni mfupi, hauzidi kidole kwa unene, nao huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ukiwa pembeni ya moto unaotosha kulifanya chuma liwe jekundu. Katika magari kama langu haukalii gololi. Huelea ndani ya bushi, juu ya utando wa oili iletwayo kutoka kwenye injini kwa kibomba chembamba. Oili hiyo ikichelewa, au ikachafuka, au ikaungulia humo kwa sababu dereva amezima gari ghafla mara tu baada ya kulipandisha mlima, chuma hugusa chuma. Nakiri kwamba kwa miaka tisa nilikuwa nikizima ghafla kila siku, kama mtu anayezima taa.

Unguja, kwa sehemu kubwa, ni tambarare. Hili si jambo dogo katika kisa hiki. Tabo haifanyi kazi kubwa gari likiwa linajiendea. Huamka injini inapobebeshwa mzigo. Katika barabara ya kwenda Makunduchi, nikilipita lori la mchanga, niliwahi kusikia mara mbili tatu sauti nyembamba chini ya mngurumo wa kawaida, ikaja na kutoweka kabla sijaipa jina. Nilichokifanya kilikuwa ni kupandisha sauti ya redio. Nayaandika haya kwa sababu baadaye nilijiambia kwamba sikuwa nimejua, na maneno hayo hayakuwa ya kweli hata kidogo.

Mwaka ule binti yangu alipata nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam. Nikaamua kuuza gari. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayeishi kijiji kimoja kaskazini ya Chake, alikuwa akitafuta gari la nguvu la kupandishia magunia ya karafuu na kuwapelekea watoto skuli. Tukapatana shilingi milioni kumi na mbili. Akatanguliza milioni nne mwezi wa Septemba, na kabla ya mwezi kwisha fedha hizo zilikuwa zimekwishafika chuoni. Dalali mmoja wa mjini, niliyekuwa nimempitishia gari kabla ya kumjibu shemeji, alikaa nalo dakika kumi barabarani, akaisikia ile sauti, akatabasamu. "Yakhe," akaniambia, "tia oili nzito, linyamaze. Mnunuzi ananunua masikio yake." Sikutia oili nzito. Lakini pia sikumpeleka kwa fundi. Baadaye nilielezwa kuwa ushauri ule ungeliiua tabo mapema zaidi, maana oili nzito huchelewa kulifikia bushi pale gari linapowashwa asubuhi.

Meli ilitufikisha Mkoani alfajiri. Aliyewahi kushuka bandari ile anajua kuwa mji umekaa juu ya kilima, na barabara haikupi nafasi ya kujinyoosha; ukitoka getini unapanda. Nikatia gia ya pili, nikakanyaga mafuta, na gari likalia. Haikuwa tena ile sauti ya kupita. Ilianza chini, ikapanda pamoja nami, nyembamba na ndefu, hata mzee mmoja aliyekuwa akianika karafuu zake kwenye jamvi kando ya njia akainua kichwa. Nyuma yangu niliona moshi mweusi. Nilipofika juu nikaachia mafuta, sauti ikakatika palepale. Kufika Chake Chake nilikuwa nimeihesabu mara kumi na moja, kwa idadi ya vilima. Pemba ilinifanyia uchunguzi ambao Unguja isingeliweza kunifanyia hata kwa miaka kumi mingine.

Shemeji alikuwa shambani na wachumaji, hakunitarajia kabla ya jioni. Kwa hivyo sikwenda nyumbani kwake. Nikauliza fundi.

Yule mzee alianza ufundi, kwa maelezo yake mwenyewe, katika malori ya karafuu, akiwa kijana wa kushika taa. Nilipokwisha kumwambia kuwa gari linalia vibaya, hakufungua boneti. Alikaa juu ya ringi la tairi akaanza kuniuliza, mmoja mmoja, kama kadhi. Lalia likiwa baridi au likiwa limepata moto? Lalia kwa kufuata mwendo wa magurudumu au mwendo wa injini? Ukiteremka mlima ukalitia huru, lalia? Ukikanyaga mafuta likiwa limesimama, lalia? Nikasema silo. Ukiachia, hukatika taratibu au palepale? Kila jibu langu liliondoa kitu. Beringi za magurudumu ziliondoka tulipokubaliana kuwa mteremkoni kuna kimya. Ukanda wa feni uliondoka kwa sababu ukanda uliolegea hupiga kelele hata gari limesimama, hasa asubuhi. Nilitaka kuandika, nikatoa kidaftari changu. Hapo ndipo niliposikia msamiati ambao sijauona katika kamusi zangu ukiwa umepangwa namna ile.

Kwake yeye mluzi ni wa hewa, na mgongo ni wa chuma kizito kwa chuma kizito, huko chini kwenye krenki, nao ukiusikia zima gari na uite wa kukuvuta. Kusaga ni kwa beringi. Kuna kupumua, sauti ya kifua cha mgonjwa, puh puh puh, ambayo husikika asubuhi na kupotea: hiyo ni gasketi ya manifodi ya ekzosi, kwani chuma kikipata moto hutanuka na pengo likajiziba lenyewe, na mwenye gari akadhani limepona. Kuna kutatarika kwa nozeli. Kuna mkwaruzo, na kuna mvumo. "Wewe lako ni mluzi," akasema, "lakini sitaki kulisemea. Twende."

Tulirudi barabarani, yeye kiti cha abiria, madirisha yote wazi. Alinielekeza mahali ambapo barabara inapanda na upande mmoja kuna ukuta mrefu wa mawe. Akataka nipite karibu na ukuta, kwa sababu ukuta hurudisha sauti ya upande wa injini na kuitenga na nyingine zote. Nilipoanza kumweleza jinsi ilivyokuwa Makunduchi akaniinulia kiganja. "Maalim, nyamaza." Tukapanda mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho.

Kurudi karakana alimtuma kijana kwa jirani yake aziba-pancha akaazime pampu ya upepo. Kisha akatoa chombo alichokitengeneza mwenyewe: kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako na kutiwa vali ya tairi. Akaufungua mpira wa kuingizia hewa kwenye tabo, akalichomeka kopo mahali pake, akalifunga kwa ukanda wa mpira, na akajaza upepo kidogo, pungufu ya nusu ya ule wa tairi. Injini ilikuwa imezimwa. Kijana akapaka povu la sabuni kila kiungo, kuanzia tabo hadi kwenye kipoza hewa kilichokaa juu ya injini. Hatukusubiri. Chini ya mpira unaotoka kwenye tabo, upande usioonekana mpaka uingize kioo, povu lilifutuka likawa kama tenga la mayai. Mpira ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. Ukiwa umepumzika, mwanya unajifunga. Hewa ikishindiliwa, unafunguka ukapiga mluzi, na injini iliyonyang'anywa hewa yake ikatoa mafuta yasiyoungua sawasawa, ndio ule moshi mweusi. Mvuke wa oili unaopita humo mwaka baada ya mwaka ndio ulioulainisha mpira hata ukachoka. Mpira mwingine uliotumika, mzima, ulipatikana palepale mjini. Nililipa fedha ambazo ni aibu kuzitaja, kwa udogo wake.

Tukapanda tena kwenye ukuta. Kimya. Gari lilipanda kama lilivyokuwa likipanda mwaka 2009. Nilicheka peke yangu, na nilikuwa nimekwishatia mkono mfukoni nimpe mzee haki yake nikaondoke. Yeye hakucheka. Tulipofika karakana aliniambia nizime, naye akaegemea boneti iliyo wazi, mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake kwenye nyumba ya tabo. Akataka niwashe tena, nizime tena. Baada ya mara ya nne akanipa bisibisi. Nilisikia injini ikisita, kisha, mahali ambapo tabo nzima ingelitoa pumzi ndefu ya kutulia, nikasikia kitu kama ukucha ukipita juu ya sahani. Kikadumu kadiri ya kutamka jina la mtu.

Akaufungua tena mpira wa kuingizia hewa, safari hii akaingiza vidole viwili akakishika kile kigurudumu. Akakitikisa kushoto na kulia, kilicheza kidogo. "Huko ni halali yake," akasema, "ndiyo nafasi ya oili." Kisha akakivuta kuja nje na kukisukuma ndani. Nilisikia tik. "Huku si halali." Akanimulikia kwa simu yake nione: ncha za mapezi ziling'aa, na kwenye ukuta wa nyumba kulikuwa na mwezi mwandamo mwembamba uliochongwa na chuma.

Nikamuuliza itadumu muda gani. Mzee yule hakuwa mtu wa kupamba. Alisema kwa Unguja, kwa mwalimu anayekwenda skuli na kurudi, huenda mwaka, huenda miwili. Kwa vilima hivi na magunia, hasemi. Ikifa vizuri, itakufa kwa moshi wa buluu na gari litakosa nguvu. Ikifa vibaya, vizuizi vya oili vitaachia, injini itainywa oili yake yenyewe na kuichoma kama mafuta, itapanda mzunguko bila ya mtu kuikanyaga, na kuzima ufunguo hakutasaidia kitu, kwani dizeli haihitaji cheche. Amewahi kuliona tukio hilo mara moja, na hakutaka kulisimulia. Kiini kipya cha tabo, kuagizwa Dar es Salaam na kufungwa, kingelikuwa milioni moja na laki mbili.

Nilifanya hesabu nikiwa nimesimama pale. Milioni nane zilizobaki zilikuwa na mahali pake tayari hadi shilingi ya mwisho. Na gari halikuwa likilia.

Jioni ile niliingia kijijini bila sauti. Majirani walikuja kulitazama. Shemeji alikuja moja kwa moja kutoka shambani, mikono yake imeshika rangi ya makonyo, akalizunguka mara mbili, akaingia, akawaita watoto wake watatu na wa jirani wawili, na akalipandisha kilima kilicho nyuma ya msikiti kwa mwendo ambao mimi nisingelithubutu. Nilibaki uani na dada yangu. Tulimsikia akipanda, mngurumo mmoja safi, na watoto wakipiga makelele ya furaha. Dada akasema, "Umelitunza, kaka." Nilimwambia chai yake nzuri. Waliporudi, shemeji alizima palepale, ghafla, kama mimi nilivyokuwa nikizima, na katika vicheko vya watoto nikausikia ule ukucha juu ya sahani. Hakuna mwingine aliyeusikia. Mtu husikia anachokijua.

Usiku nililala chumba cha nje, harufu ya karafuu mbichi imejaa hadi kwenye mto. Sina haja ya kumchosha msomaji kwa niliyoyawaza. Yalikuwa ni yale yale ambayo kila mwenye deni huyawaza, na baadhi yake yalikuwa na hoja nzuri. Gari la miaka ishirini na moja, nani asiyejua kuwa lina lake? Na yeye mwenyewe alilijaribu, hakulijaribu? Hata hivyo kila nilipofika hapo nilimsikia mzee akisema dizeli haihitaji cheche.

Tulipotoka msikitini alfajiri nikamshika mkono, tukabaki nyuma ya wenzetu. Nikamweleza yote: mpira, kopo la maziwa, vidole viwili, tik. Nilitumia maneno ya fundi kwa sababu sikuwa na mengine. Alinisikiliza hadi mwisho huku akitazama chini. Akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu jana adhuhuri."

Tukaenda hatua kadhaa.

"Na jana magharibi, nilipowapakia watoto?"

Nikasema nilikuwa najua.

Hakupandisha sauti. Laiti angelipandisha. Aliniacha akaenda mbele, akafungua mlango wa gari, akatoa ufunguo uliokuwa umebaki humo, akautia mfukoni, na gari halikuondoka pale uani kwa siku kumi na tisa, magunia yakabebwa kwa gari la kukodi. Wakati wa chai alikuja kukaa nami. Tulipatana kwa maneno machache kuwa atakata gharama ya kiini kipya na ya ukodi pia, na mimi sikubisha. Dada yangu alinimiminia chai bila ya kuniangalia. Pengo la ada nililiziba kwa mkopo wa chama chetu cha walimu cha kuweka na kukopa, nikaulipa kwa miezi kumi na minne.

Kiini kilifika, mzee akakifunga. Nilikuwa nimekwisharudi Unguja. Kiasi cha mwezi mmoja baadaye, asubuhi, simu yangu ililia, jina la shemeji. Nikaitikia, hakujibu salamu. Nilisikia kitu kikiwekwa juu ya kitu, kisha injini, gia ya pili, mzigo mzito nyuma, mlima. Nikaelewa kuwa ameiweka simu karibu na dashibodi na kwamba nimetakiwa nisikilize. Mngurumo ulipanda, na ndani yake ule mvumo mwembamba wa tabo nzima, ambao sikuwahi kuusikia katika miaka tisa ya kuwa mwenyewe wa gari lile. Alipofika juu akaachia mafuta. Hakuzima palepale. Aliliacha linguruma polepole, dakika nzima na zaidi, nami nikiwa nimeibana simu sikioni, mpaka lilipotulia.

"Vipi, Maalim?" akauliza.